Tuliokula Chumvi Nyingi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Mwenyekiti amenikaribisha kwa kusema kwamba mimi ni mzee aliyekula chumvi nyingi. Namshukuru kwa heshima hiyo. Lakini kwangu mimi maneno hayo ni ya kweli kwa maana zote mbili, na hiyo ya pili ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu.

Nilizaliwa Uvinza, mkoani Kigoma, ambako tangu enzi za mababu maji ya chemchemi yalichemshwa ili kupata chumvi, na watu wa mbali waliifuata. Nilipoingia kidato cha kwanza hapa mwaka 1974, tranka langu lilikuwa na nguo chache na kifuko cha chumvi alichonifungia mama. Tuliokuwapo tunayakumbuka maharage ya bwaloni. Basi mezani kwetu kifuko kilizunguka, kila mtu akachota kabla hata ya kuonja, nami nikapewa jina la Bwana Chumvi.

Wenzangu wa meza ile mnacheka. Lakini mnajua pia kwamba tulikuwa wanane, na kwamba mmoja wetu, aliyekuwa mlinda mlango wetu, leo hakuweza kuja. Alipatwa na kiharusi mwaka 2016, na mkono wake wa kuume haufanyi kazi. Sisemi kwamba kifuko changu ndicho kilichomwangusha. Presha ina sababu nyingi. Ila nilipotoka kumwona nilikwenda kupimwa, nikakuta yangu ni 170 kwa 105. Wala sikuwa nimesikia maumivu yo yote.

Daktari alinieleza hivi. Chumvi ikizidi mwilini hushika maji. Maji yakizidi, damu huongezeka ndani ya mishipa, ikasukuma kuta zake kama mpira wa bustani uliofunguliwa bomba mno. Moyo hufanya kazi ya ziada, figo huchoka, na mshipa wa ubongo unaweza kuziba au kupasuka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja.

Nilidhani kwetu hatuzidishi. Mke wangu akanionyesha njia ya kujua: aliandika tarehe juu ya paketi mpya ya nusu kilo. Tuko watu wazima watano. Paketi ilikwisha siku ya kumi. Wanafunzi, pigeni hesabu: gramu 50 kwa siku, gramu 10 kwa kila mmoja, na hapo bado mkate, ng'onda na vidonge vya mchuzi, ambavyo huja na chumvi yake.

Hatukuipunguza kwa siku moja. Kwanza, kibakuli cha chumvi kiliondoka mezani. Pili, mke wangu alipunguza chumvi ya sufuria kidogo kidogo, akaongeza ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Tatu, samaki wa chumvi tulimloweka na kumwaga maji yake. Wiki mbili za kwanza nilinung'unika kama mtoto. Kila mchuzi niliuona maji matupu. Kufika wiki ya sita ulimi ulikuwa umejifunza upya. Nilikula mchicha nikausikia utamu wake wenyewe, na siku moja hotelini nikashindwa kumaliza chipsi kwa ukali wa chumvi. Sasa paketi hufika siku ya 25. Dawa zangu sikuziacha, wala mtu asiziache bila daktari wake. Lakini daktari amenipunguzia kipimo.

Jambo moja msilikosee. Sikusema chumvi iachwe kabisa, wala msikimbilie chumvi isiyotiwa madini joto, kwa kuwa madini hayo hutukinga na rovu. Tumieni hiyo hiyo yenye madini joto, ila kidogo.

Wadogo zangu, leo mchana nilikaa nanyi bwaloni. Niliwaona mkinyunyiza kabla ya kuonja, sawasawa na sisi wakati ule. Samaki mkunje angali mbichi. Siwaombi mle chakula kisicho na ladha. Nawaomba mwonje kwanza. Mkiona chatosha, acheni.

Na ninyi wenzangu wa meza ile, naomba kila mmoja apimwe presha mwezi huu, hata anayejiona mzima kama mimi nilivyojiona. Kisha twende sote tukamsalimu mlinda mlango wetu. Mimi nitachukua ndimu; kifuko nitakiacha nyumbani.

Tupunguze chumvi ya sahani, ndugu zangu, ili ile ya miaka tuile kwa wingi.