Kabla ya Kuhama Chapa: Mazungumzo na Walaji kuhusu Mashine za Gemu



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo baadhi yenu huenda mkaliona kuwa la watoto, nalo ni kuhama kutoka chapa moja ya mashine ya gemu kwenda nyingine. Tumelichagua kwa sababu mashine hizi humeza fedha nyingi za familia, na kwa sababu anayehama mara nyingi huitambua hasara yake baada ya mashine ya zamani kwisha kuuzwa.

Tuanze na kisa. Kijana mmoja alifika ofisini kwetu na malalamiko. Alikuwa mteja wa chapa moja tangu utotoni, enzi za kulipia zamu kwenye kibanda cha gemu cha mtaani. Alipopata kazi alinunua mashine yake mwenyewe, kisha ya kizazi kilichofuata. Kwa miaka tisa alinunua gemu thelathini na moja, karibu zote kwa kupakua mtandaoni. Marafiki zake walipohamia chapa ya pili, naye akawafuata. Aliuza mashine ya zamani, akanunua mpya, akafungua akaunti kwa anwani yake ileile ya barua pepe, akasubiri gemu zake zitokee. Hazikutokea. Wakati huohuo kadi yake iliendelea kukatwa fedha kila mwezi kwa usajili wa chapa aliyoihama, na mtu aliyeuziwa mashine alikuwa akicheza kwa akaunti yake. Kijana akatuuliza, "Je, uaminifu wangu wa miaka yote hiyo hauhesabiki?"

Ilitubidi tumwambie ukweli. Uaminifu wa mteja haumpi haki yoyote kisheria. Kinachohesabika ni masharti aliyoyakubali kwa kubonyeza kitufe, na masharti hayo husema kwamba anayepakua gemu hupewa leseni ya kuitumia katika mfumo wa chapa hiyo peke yake. Gemu uliyoinunua kwenye duka la PlayStation haifunguki kwenye Xbox, hata kama jina lake ni lilelile na mtengenezaji wake ni yuleyule. Diski nayo haivuki, ila diski unaweza kuiuza au kumpa ndugu yako. Leseni iliyofungwa kwenye akaunti haiuziki.

Suala hili limeanza kushughulikiwa na watunga sheria. Katika jimbo la California nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Maduka yenyewe pia hufungwa. Nintendo ilisitisha mauzo ya mtandaoni kwa mashine za Wii U na 3DS mwezi Machi 2023, na Microsoft ikalifunga duka la Xbox 360 mwezi Julai 2024. Waliokwisha kununua waliruhusiwa kuendelea kupakua gemu zao, lakini ununuzi mpya ulikoma.

Yapo machache yanayovuka. Fortnite hutunza vifaa vya mchezaji katika akaunti ya mtengenezaji wake, hivyo mchezaji akiiunganisha akaunti hiyo na mashine mpya huvikuta vingi mahali pake. Kwa upande mwingine, timu uliyoijenga kwa miaka katika Ultimate Team, ndani ya gemu ya mpira ya EA Sports FC, haihami kutoka PlayStation kwenda Xbox. Fedha ulizotumia kununulia wachezaji hubaki ulikotoka.

Kuhusu makato ya usajili, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilizichunguza kampuni tatu kubwa kuanzia mwaka 2019. Mwaka 2022 Microsoft na Sony ziliahidi kuwasiliana na wateja wanaolipia huduma wasiyoitumia kwa muda mrefu, na hatimaye kuacha kuwakata fedha iwapo wataendelea kutoitumia. Ahadi hizo ziliwahusu wateja wa Uingereza. Hapa kwetu, wa kuyasimamisha makato ni wewe mwenyewe.

Kwa hiyo tunawashauri yafuatayo.

Kwanza, andikeni orodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Orodhesha kila gemu uliyonayo, ya diski na ya kupakua, kisha weka alama kwenye zile ambazo ungelazimika kuzinunua upya. Jumla ya bei zake iongeze kwenye bei ya mashine mpya. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kuhama.

Pili, ulizeni kama mashine mpya inapokea diski. Xbox Series S, na toleo la PlayStation 5 liitwalo Digital Edition, huuzwa bila sehemu ya kuingizia diski.

Tatu, kabla ya kuuza mashine ya zamani, simamisha usajili, ondoa kadi yako, toka kwenye akaunti, kisha ifute mashine yote. Mnunuzi apewe mashine tupu.

Nne, msifute akaunti ya zamani. Leseni zenu zimo humo, na siku mtakapopata tena mashine ya chapa ile mtazikuta.

Tano, dai risiti na maelezo ya dhamana kwa maandishi, hata kama muuzaji ni rafiki. Neno la mdomo ni gumu kulithibitisha mbele yetu.

Kijana wetu alibadilisha nywila, akaitoa akaunti yake kwenye mashine aliyoiuza, na makato yakakoma. Fedha zilizokwisha kukatwa hakurudishiwa. Gemu zake thelathini na moja bado zimo katika akaunti, lakini hana mashine ya kuzichezea. Alituambia kwamba angalijua hayo mapema, angaliitunza mashine ya zamani, kwani bei aliyoiuzia haikufikia hata thamani ya gemu tano.

Hatumkatazi mtu kuhama. Ushindani ndio unaozilazimisha kampuni kuboresha huduma na kupunguza bei, na mlaji asiyeweza kuhama hana nguvu sokoni. Lakini methali inatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tunachowaomba ni kuukagua mbacha wenu kwanza, mjue mnaacha nini, ndipo muamue.