Msiba wa Kiteezi na Sheria ya Makombo



Mwaka 2022 jirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Sheria hiyo inazitaka ofisi za umma na biashara za watu binafsi kutenganisha taka pale pale zinapotokea: zinazooza zikae peke yake, na zisizooza peke yake, katika vyombo vyenye alama. Serikali za kaunti zimepewa jukumu kubwa katika kuitekeleza. Hivyo mwenye hoteli haruhusiwi tena kumwaga makombo katika pipa moja na chupa na makopo.

Wako watakaouliza: je, Serikali imekosa kazi hata ikague maganda ya viazi? Jibu la swali hilo tunalipata Uganda.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, uliporomoka baada ya mvua kubwa. Nyumba zilifukiwa watu wakiwa ndani. Siku zilizofuata zilikuwa za kufukua maiti, na hesabu ya waliokufa ikafika 35. Jalala hilo lilifunguliwa mwaka 1996, na kwa miaka 28 lilipokea taka za jiji zikiwa zimechanganyika. Mwezi uliofuata, Rais Yoweri Museveni aliwafukuza kazi viongozi wakuu wa mamlaka ya jiji.

Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya taka ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, mboga zilizonyauka sokoni. Vitu hivyo vikifukiwa pasipo hewa hutoa gesi ya mitheni, ambayo huwaka moto, na hutoa maji machafu yanayolilegeza lundo kutoka ndani. Hatusemi kwamba maganda peke yake ndiyo yaliyowaua watu wa Kiteezi. Jalala lilikuwa limejaa kupita kiasi, na watu walikuwa wakiishi chini yake. Lakini kila lori la makombo lililopanda kule liliongeza uzito ambao haukuwa na haja ya kuwapo. Katika jiji hilo hilo la Kampala, wafugaji hununua maganda ya matoke kulisha ng'ombe. Kilichotupwa kilikuwa chakula cha mifugo na mbolea ya mashamba.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, sheria haijitekelezi yenyewe. Mwaka 2021 mahakama nchini Kenya iliamuru jalala la Dandora, jijini Nairobi, lifungwe katika muda wa miezi sita. Muda huo ulipita, na malori yakaendelea kumwaga. Amri ya kutenganisha taka nayo yaweza kufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni lori. Mfanyabiashara aliyetenganisha taka zake asubuhi, akaona zinachanganywa tena garini mbele ya macho yake, kesho hatatenganisha. Ya pili ni upendeleo. Mgambo akimkamata mama lishe mwenye sufuria mbili, kisha akaipita hoteli kubwa kana kwamba haioni, wananchi watasema kwamba sheria hiyo ni ya maskini.

Nasi tusijione tuko mbali na mambo haya. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa kuhakikisha kwamba taka zinachambuliwa pale zinapozalishwa. Basi tuanze na swali la nyumbani: jiko la bwalo linalopikia mamia ya askari hupeleka wapi makombo yake? Kambi yenye mapipa mawili, shimo la mboji na bustani ya mboga imekwisha kuitii sheria kabla ya kuhimizwa na mtu yeyote. Askari wa kambi hiyo akitumwa mtaani kusimamia amri ya halmashauri, atazungumza na mwananchi bila aibu.

Wahenga walisema: mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Jirani zetu wa Uganda wamenyolewa kwa uchungu mkubwa. Sisi bado tunao wasaa wa kutia maji, na pa kuanzia ni jikoni.