Zana za Kitalu na Shamba katika Ardhi ya Mawe
Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Kua, Kisiwa cha Juani



Twashukuru kwa kupewa nafasi hii katika sherehe ya miaka 10 ya chama chetu. Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za hisa, za mizani na za bei ya nazi, wala hatuna haja ya kuzirudia. Letu ni neno moja, nalo lahusu fedha ambazo Mkutano huu utaulizwa leo namna ya kuzitumia. Je, chama kimnunulie kila mwanachama jembe moja, kama wengine walivyopendekeza, au kinunue zana chache zilizo bora, ziwekwe ghalani, zitumike kwa zamu? Sisi wa ofisini twaliunga mkono shauri la pili, na sababu zetu ni hizi.

Yafaa kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Hapa Kua tumesimama juu ya jiwe la matumbawe. Udongo upo, walakini umelala mifuko mifuko katikati ya mawe, pengine kina cha shibiri, pengine cha mkono mzima. Atakaye kuchimba shimo la mnazi, futi 3 kwenda chini na futi 3 kila upande, kwa jembe peke yake, atalirudisha nyumbani limepinda makali. Kazi hiyo yataka mtaimbo wa kuvunjia, sururu ya kung'olea, na beleshi la kutolea kifusi. Basi hapo ndipo ilipo hoja yetu. Jembe na panga kila mkulima anavyo, maana hutumia kila siku. Mtaimbo huutumia siku chache tu za mwaka, kisha husimama nyuma ya mlango ukila kutu. Kwa nini nyumba 20 zinunue mitaimbo 20, hali 3 ingewatosha wote wakipokezana?

Tena majembe si yale ya zamani. Wazee wanayakumbuka majembe mazito ya kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam, na kabla yake yale ya chapa ya mamba yaliyotoka Uingereza. Mtu alilitumia hata likabaki kama kijiko. Hivi karibuni tuliletewa ya bati jepesi na mfanyabiashara mmoja tusiyemtaja, nayo hayakumaliza masika. Anayetaka kujua jembe alipige kwa jiwe dogo kabla ya kulipa: chuma kizuri hulia, kibovu huitika kama debe.

Katika kuvunja mawe, twawasihi jambo moja. Waliotutangulia hapa walijenga misikiti na majumba kwa mawe haya haya, katika mji ambao masimulizi yasema uliangamizwa na Wasakalava kutoka Bukini katika karne ya 19. Magofu yao yalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mtaimbo wa chama usiguse ukuta wala kaburi, hata mnazi ungependeza namna gani mahali hapo.

Sasa twende kwenye kitalu, ambako hasara zetu nyingi huanzia. Nazi ya mbegu hulazwa ubavu katika tuta, theluthi mbili yake ikifukiwa, na sehemu ya juu ikibaki wazi. Kazi hii haitaki jembe kubwa. Yataka kijembe cha mkono, reki ya kusawazishia tuta, na ndoo ya kumwagilia yenye kichwa cha matundu. Tunajua wengi humwaga maji kwa debe. Maji ya debe huanguka kwa kishindo, huchimbua udongo na kuacha mbegu wazi, na nusu yake hutiririka njiani. Mahali ambapo maji matamu ni ya kuhesabiwa kwa ndoo, kama huku kwetu Juani, upotevu huo ni mkubwa kuliko bei ya ndoo yenyewe.

Nazi isiyochipua kwa miezi 4 au 5 na iondolewe. Iliyochipua vizuri huhamishwa ikiwa na umri wa miezi 6 hata 9, nayo huinuliwa kwa beleshi lililotiwa chini yake, na mizizi iliyotoka nje hukatwa kwa panga kali. Anayeuvuta mche kwa majani huuvunja shingo asijue. Hufa shambani mwezi wa pili, kisha husema ardhi ni mbaya. Kamba ya usumba yenye fundo kila mita 9 yatosha kupimia nafasi, nayo hatuinunui, twasokota wenyewe. Kwa kipimo hicho ekari moja huchukua minazi 50 hivi.

Kwa michungwa na miembe, kisu cha kubebeshea ni amana. Kiwe kikali kama wembe, kipanguswe kwa spiriti baada ya kila mche, na kisikate kitu kingine chochote. Kisu kilichopaa samaki asubuhi hakiwezi kubebesha mchungwa jioni.

Kuna zana moja isiyouzwa dukani, nayo ni waya mgumu uliopindwa ncha kama ndoana. Huo ndio wa kumtoa chonga katika moyo wa mnazi mchanga. Mdudu huyu hutoboa jani likiwa bado limefungwa, ndiyo maana likifunguka huonekana limekatwa kama kwa mkasi. Akiufikia moyo wenyewe, mche umekwenda. Lakini waya hautoshi ikiwa magogo ya minazi iliyokufa yameachwa kuoza shambani, maana ndani yake ndimo anamozaa. Hapo shoka na mtaimbo hurudi kazini: gogo lipasuliwe, likaushwe, lichomwe.

Hewa yetu ni ya chumvi, na chuma kisichofutwa hakidumu. Zana ikirudi ghalani ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushwe, ipakwe mafuta ya nazi. Tupa 2 na kinoo kimoja ziwemo katika manunuzi ya kwanza, wala zisiachwe mwisho kama kawaida yetu.

Kwa hiyo shauri tunalolileta mbele yenu ni mitaimbo 3, sururu 3, mabeleshi 4, ndoo 4 za kumwagilia, vijembe 6 vya mkono, visu 2 vya kubebeshea, pamoja na tupa na kinoo tulivyokwisha kuvitaja. Mwenye ufunguo achaguliwe na wanachama wa Kua wenyewe, si na ofisi. Kila kitokacho kiandikwe daftarini jina na siku, na kisizidi siku 3 mikononi mwa mtu mmoja wakati wa kupanda. Atakayepoteza atalipa, mpini ukivunjika kazini, chama kitautengeneza. Walioleta shauri la majembe watasema baada yetu, nasi tunaomba wasikilizwe kwa utulivu. Kura itapigwa baada ya chakula, ili vitu viwahi mashua kabla ya mvua za masika.