MAZIWA SAFI NI SUALA LA HAKI
Hotuba kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Mmezoea kutusikia tukizungumzia ardhi, mirathi, mishahara na uchaguzi. Huenda baadhi yenu mkajiuliza kwa nini leo tunaleta mbele yenu habari za ng'ombe na maziwa. Jibu letu ni fupi. Palipo na muuzaji na mnunuzi, na mmoja wao anajua jambo ambalo mwenziwe hana njia ya kulijua, hapo pana suala la haki.

Katika nyanda za juu za nchi yetu ya Tanzania, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Rungwe, familia nyingi husomesha watoto kwa ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaolishwa bandani. Ng'ombe hao mara kwa mara hupatwa na ugonjwa wa kiwele. Kiwele huvimba, na maziwa hutoka na mabonge au damu. Tiba yake ni viuavijasumu, yaani dawa kama penisilini na oksitetrasaiklini, ambazo huchomwa kwa sindano au kuingizwa ndani ya chuchu. Hatusemi kwamba dawa hizo ni mbaya. Mnyama mgonjwa anastahili kutibiwa, naye ni kiumbe wa Mungu. Lakini dawa hiyo huendelea kutoka katika maziwa kwa siku kadhaa. Ndiyo maana maelezo ya dawa hutaja siku ambazo maziwa hayatakiwi kunywewa na binadamu baada ya dozi ya mwisho. Siku hizo hutofautiana kwa kila dawa.

Yako mambo matatu ambayo kila mwanajumuiya hana budi kuyafahamu.

Kwanza, kuchemsha hakuondoi dawa. Tunachemsha maziwa ili kuua vijidudu, vikiwemo vya kifua kikuu, na tuendelee kufanya hivyo. Lakini penisilini haiishi kwa moto wa jikoni.

Pili, kiasi kidogo sana chatosha kuharibu maziwa mengi. Kikomo cha kimataifa cha penisilini katika maziwa ni mikrogramu 4 kwa kila lita. Gramu 1 ina mikrogramu 1,000,000. Kwa hesabu hiyo, gramu 1 ya penisilini ingetosha kufikisha lita 250,000 kwenye kikomo. Kwa hiyo mtu asijifariji kwamba lita zake chache zitapotea ndani ya pipa la wote.

Tatu, vipimo vilivyozoeleka kwenye vituo vya kukusanyia maziwa havitambui dawa. Laktomita humfichua aliyetia maji. Kipimo cha spiriti huonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano jana yaweza kupita vipimo vyote viwili. Vipo vipimo maalumu vya mabaki ya dawa, lakini havipatikani kila mahali. Akina mama wanaogandisha mtindi wakati mwingine huona dalili, maana dawa huzuia bakteria wanaogandisha maziwa. Hata hivyo mtindi kukataa kuganda kuna sababu nyingine pia, na kuganda kwake si uthibitisho wa usalama.

Je, madhara ni yapi? Mtu mwenye mzio wa penisilini aweza kuwashwa na kuvimba bila kujua chanzo. Zaidi ya hapo kuna usugu wa vijidudu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi hafifu huwafundisha vijidudu kuistahimili dawa. Onyo lake limetimia. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu huo. Maziwa si chanzo pekee. Sisi wenyewe hununua vidonge bila kupimwa na kuviacha katikati ya dozi. Lakini kila mlango ulio wazi una wajibu wa kufungwa na yule aliye karibu nao.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu: ni nani abebe hasara?

Ni rahisi kumwambia mfugaji amwage maziwa. Tuchukue mfano wa mjane mwenye ng'ombe mmoja anayetoa lita 10 kwa siku. Akimtibu kwa siku 3 na kusubiri siku 4, amepoteza lita 70, na bado anadaiwa bei ya dawa. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, chakataza udanganyifu katika vipimo, na maziwa yenye dawa iliyofichwa ni udanganyifu wa namna hiyo hiyo. Hilo hatuwezi kulipunguza. Lakini jumuiya inayodai uaminifu kwa maskini na kumwacha aulipie peke yake, nayo ina deni. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kwamba sheria ya Kristo hutimizwa pale watu wanapobebeana mizigo.

Tufanye hesabu. Wafugaji 50 wanaopeleka lita 10 kila mmoja hukusanya lita 3,500 kwa wiki. Lita 70 za mjane yule ni asilimia 2 tu. Kila mmoja akikatwa shilingi 2 katika kila shilingi 100 za mauzo, kikundi chaweza kumlipa kila wiki mfugaji mmoja aliyemwaga maziwa. Mzigo unaomvunja mtu mmoja mgongo, watu hamsini hawausikii.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Kila kikundi kianzishe mfuko wa namna hiyo, na hesabu zake zisomwe hadharani.
2. Ng'ombe anayetibiwa afungwe kitambaa chekundu mguuni, na tarehe ya dozi ya mwisho iandikwe ukutani mwa banda.
3. Dawa itolewe kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, naye aulizwe: "Tusubiri siku ngapi?"
4. Maziwa yaliyozuiliwa yamwagwe shimoni, mbali na chanzo cha maji. Ndama asinyweshwe.
5. Viongozi wetu waiulize Bodi ya Maziwa, pamoja na Shirika la Viwango lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, ni lini vipimo vya mabaki ya dawa vitafika kwenye vituo vyetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo:

(a) Katika mtaa wetu, mfugaji akisema ukweli kuhusu ng'ombe wake, anapata nini na anapoteza nini?
(b) Sisi tunaonunua maziwa tuko tayari kuongeza kiasi gani ili mfugaji asilazimike kuficha?
(c) Ni nani kati yetu atakayeanza, na lini?

Mungu awabariki ninyi, mifugo yenu na kazi ya mikono yenu. Amani iwe nanyi.