Misitu ya Nepal na Wenyewe

Nepal ni nchi ya milima iliyo baina ya Bara Hindi na China. Huko mkulima hawezi kuishi bila msitu, maana ndiko zitokako kuni na majani ya ng'ombe. Na bila ng'ombe hakuna samadi ya shamba.

Mwaka 1957 serikali ilitwaa misitu yote iliyokuwa mikononi mwa watu binafsi. Nia haikuwa mbaya, kwani misitu mingi ilikuwa mali ya jamaa wa ukoo wa Rana, waliotawala zamani. Walakini wanakijiji, waliozoea kuilinda misitu kwa desturi zao, waliona ya kuwa sasa ni mali ya mwingine, na mali ya mwingine nani atakesha kuilinda? Walinzi wa serikali walikuwa wachache, na milima mingi. Miti ikakatwa.

Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1993. Ardhi ilibaki ya serikali, bali msitu walikabidhiwa wautumiao: nyumba zote zijiunge katika chama, ziandike kanuni, zipange siku za kukata kuni na faini ya mwenye kuiba. Vyama hivyo vimezidi 22,000. Mwaka 1992 misitu ilifunika kama asilimia 26 ya nchi. Mwaka 2016 yapata asilimia 45. Hatusemi kwamba ni sheria peke yake. Vijana wengi wamekwenda kufanya kazi Ghuba na Malaysia, na mashamba waliyoyaacha yameota miti.

Tena dhuluma ilikuwapo. Vyama vingi viliongozwa na matajiri wa kijiji, nao waliharakisha kuufunga msitu. Tajiri ana miti shambani kwake. Mhunzi, mtu wa tabaka la chini, hana, wala hawezi kufua jembe bila makaa. Alikatazwa makaa, akaambiwa ni kwa ajili ya kuhifadhi miti. Wanawake nao, wabebao kuni, hawakusikilizwa barazani. Mwongozo wa mwaka 2009 uliagiza nusu ya wajumbe wa halmashauri wawe wanawake, na asilimia 35 ya mapato iwafae maskini. Si kila chama kimetimiza, lakini sisi twaliona agizo hilo kuwa kubwa kuliko hesabu ya miti.

Siku hizi wakulima wa milimani wana shauri jipya barazani: msitu umerudi pamoja na kima wake, na kima wanakula mahindi.