Ulanzi Usiishie Kwenye Debe

Ndugu mkulima wa Nyololo, na wewe uliye Igowole au popote pale Mufindi na Njombe, leo tuongee juu ya ulanzi. Usicheke. Ulanzi ni zao kama mahindi, tena huleta fedha mkononi wakati wa masika, mahindi yakiwa bado mabichi shambani.

Kwa asiyeujua, ulanzi ni maji matamu ya mlanzi, yaani mwanzi wa huku kwetu. Haupikwi kama komoni, unagemwa. Chipukizi likiwa changa unalikata ncha, unalifunga mbeta, kisha asubuhi na jioni unalichonga kidogo ili maji yaendelee kutiririka. Ukiunywa mpya ni mtogwa, mtamu tu. Hamira hutii, vijidudu vya hamira vimo tayari kwenye mbeta na kwenye kidonda cha chipukizi, navyo hula sukari na kutoa kileo. Kesho yake ni pombe. Siku chache tena ni siki.

Basi hapo ndipo mkulima anapopunjwa. Mnunuzi anajua kuwa ulanzi haungoji. Anakuja jioni na bei yake, nawe unampa debe zima kwa fedha kidogo. Mwenye kilabu hulipima debe hilo hilo kikombe kikombe, na juu yake anauza ugali, maharage, viazi na nyama ya nguruwe. Kwani hivyo vyote havitoki kwako?

Nyololo iko kwenye barabara kuu, kati ya Mafinga na Makambako, na njia ya Mgololo inachepukia hapo hapo. Wateja wapo. (Dereva muuzie chakula, ulanzi usimpe.) Majirani watano au sita mnaweza kuwa na kilabu chenu: huyu ana milanzi, yule viazi, mwingine nguruwe. Leseni ombeni halmashauri kabla ya kufungua, siyo baada ya mgambo kufika. Choo kiwepo, na maji ya kunawa. Vyombo vioshwe kwa maji ya moto kila siku. Dumu lililokuwa na dawa ya mimea lisiguse ulanzi kamwe, hata ulioshe mara mia. Na maji usiongeze: mgema wa kwenye methali alisubiri asifiwe kwanza, lakini watu wa huku wataujua ulanzi wako kwa kuunusa tu.

Sasa sikiliza vizuri, maana kilabu kikichangamka tamaa nayo hupanda. Chipukizi uliloligema halikui tena kuwa mlanzi. Kichaka hulishwa na majani ya milanzi mikubwa. Ukigema machipukizi yote kila mwaka, wazee wanakauka bila warithi, kichaka kinakonda, kinakufa. Katika kila machipukizi kumi, mimi nashauri uache manne. Yafunge kamba mapema, ili kijana wako asikosee kwenye giza la alfajiri.

Tena panda mengine. Mvua za kwanza zikinyesha, chimba mlanzi wa mwaka mmoja au miwili pamoja na shina lake la chini na mizizi, ukate juu ubakize pingili tatu hivi, kisha upande hatua sita mbali na mwenzake. Ng'ombe na mbuzi wasifike hapo. Na kisu cha kugemea usikipeleke mpaka kichaka kiwe na milanzi mikubwa ya kutosha. Hiyo ni kazi ya miaka kadhaa, kwa hiyo anza msimu huu.