Mkono wa kushoto, gurudumu la mbele

Maneno ya mmoja wa wajitoleaji wetu kwa wazazi na vijana wa Boise, Idaho, kabla ya kupanda vilima vya Foothills kwa baiskeli.

 

Mimi baiskeli nimeijua tangu utoto. Kambini Nyarugusu nilibeba kuni, nilibeba madumu ya maji, hata mama yangu alipougua nilimpeleka zahanati kwenye keria. Basi nilipopata baiskeli ya mlimani hapa Boise sikutaka kufundishwa na mtu. Wiki ya pili nikawa nashuka kilima, nikaona jiwe mbele, nikabana breki ya kushoto kwa nguvu kama nilivyozoea. Gurudumu la mbele likasimama, mimi nikaendelea. Nilivunjika mtulinga, huu mfupa wa hapa kati ya shingo na bega. Wiki sita sikwenda kazini, na kodi ya nyumba haikunisubiri.

Sababu ni hii. Baiskeli nyingi za kule kwetu zilifuata mtindo wa Kiingereza: breki ya mbele iko mkono wa kulia. Marekani ni kinyume. Kushoto ni mbele, kulia ni nyuma. Kwa hiyo kabla ya kupanda, simama kando ya baiskeli, bana mkono mmoja, isukume, utazame gurudumu gani limekataa kuzunguka. Fanya hivyo kila unapoazima baiskeli ya mtu.

Lakini msiiogope breki ya mbele, maana ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Kosa ni kuibana ghafla. Tumia zote mbili kwa kidole kimoja au viwili, polepole, na upunguze mwendo kabla ya kona, siyo ukiwa ndani ya kona. Unaposhuka, inuka kutoka kwenye siti, pedali zote mbili ziwe usawa, viwiko na magoti yakunjwe kidogo, makalio yarudi nyuma. Macho yaende kule unakotaka kupita. Ukilikodolea jiwe, utaligonga.

Breki za baiskeli hizi nyingi ni za sahani ya chuma katikati ya gurudumu. Sahani hiyo haitiwi mafuta kamwe. Kijana wetu mmoja aliipulizia mafuta kwa sababu ilikuwa inalia. Kelele ziliisha, na breki nazo ziliisha. Ikabidi anunue pedi mpya. Mafuta ni ya cheni peke yake, tena mafuta ya baiskeli, si ya kupikia. Tia matone, zungusha pedali, kisha futa yanayobaki kwa kitambaa, la sivyo vumbi la hapa litageuka tope jeusi. Na baada ya mteremko mrefu msiishike sahani, inaunguza.

Upepo wa tairi usijazwe mpaka liwe gumu kama la barabarani, litarukaruka juu ya mawe. Ubavuni mwa tairi kuna namba za kiwango. Mtu mzima wa kilo 70 mwenye tyubu anaweza kuanza na psi 30 hivi. Ukipunguza mno, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka.

Halafu kuna adui tunayemfahamu. Hapa wanamwita goathead, kichwa cha mbuzi, lakini ni mbigili ileile iliyokuwa inatuchoma miguu nyumbani! Imejaa pembezoni mwa njia. Beba tyubu ya akiba na pampu, na kabla ya kutia tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi utafute mwiba uliobaki. Wengi hupata pancha ya pili dakika kumi baadaye kwa kuruka hatua hii.

Kofia ngumu ni lazima, ikae usawa juu ya paji la uso, siyo kisogoni. Ikishapigwa kwa nguvu chini, tupa, hata kama haionekani kupasuka. Kabla ya kutoka, tikisa kila gurudumu na usukani. Kinachochezacheza kikazwe kwanza.

Njiani, mwenye baiskeli humpisha anayetembea kwa miguu na mwenye farasi, na anayeshuka humpisha anayepanda. Farasi ukimkuta, simama, umsalimie mwenyewe kwa sauti, farasi ajue kuwa wewe ni mtu. Kibao cha mwanzo wa njia kisomwe, kwani kuna njia zenye mwelekeo mmoja au masharti ya siku. Ardhi ikiwa na tope hadi unaacha alama, geuza urudi. Kiangazi joto hupita nyuzi 38, basi nendeni alfajiri na maji ya kutosha, na mwachieni nyoka njia yake.

Sasa tutoke nje. Kila mmoja ashike baiskeli yake, abane mkono wa kushoto, aniambie gurudumu gani limesimama.